Jirani wa Juu na Vifuko Vyake vya Mvuke

Kwa miaka sita niliishi chini ya miguu ya mwanamke huyu, na sisemi hivyo kwa mafumbo. Nyumba yetu ya Mbaraki ilikuwa ya ghorofa mbili. Chini alikaa Bi Salama, mjane aliyekuwa akidarizi kofia. Katikati tulikaa mimi, mume wangu na binti yetu Neema. Juu kabisa, katika vyumba viwili vilivyotazama upande wa gati, alikaa yeye peke yake. Nilijua saa anayoamka na saa anayovaa viatu. Nilijua siku anayofagia na siku anayoahirisha. Jina lake liliandikwa kwenye kadi yake ya kanisa, na wengi walilijua, lakini pale nyumbani tulimwita Jirani wa Juu, naye aliitika. Basi nami nitamwita hivyo hivyo. Alizaliwa kwa nani na ukoo wake ni upi, hayo waulizwe watu wa kwao Taita. Mimi nitaeleza niliyoyaona na niliyoyasikia kupitia dari, na mwisho nitaeleza nilichomfanyia.

Alikuwa mrefu, mkavu wa mwili, mwenye viganja vipana kuliko vya mume wangu. Miaka ya tisini ilipoanza kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka katika nyumba moja ya wageni wa baharini, na jioni alirudi akinuka sabuni na joto la pasi. Kabla ya hapo alikuwa ameosha vyombo, halafu akapika, miaka mingi, katika hoteli ya Wachina pale mjini. Mwenye hoteli aliifunga akahamia nchi nyingine.

Vifuko hakujifunza hotelini. Alijifunza nyumbani kwa tajiri wake, siku za Jumatatu hoteli ilipofungwa. Mama yake tajiri, bibi kizee asiyejua Kiswahili zaidi ya maneno ya sokoni, alimkalisha mezani na kumpiga vidole kwa kijiko kila alipokunja vibaya.

"Yule bibi hakunifundisha," alikuwa akituambia. "Alinipiga mpaka nikajua."

Alisema hivyo kwa mapenzi makubwa, kama mtu anayemtaja mama yake mzazi.

Mwanzoni aliviita sambusa za mvuke. Bi Salama ndiye aliyekataa. "Sambusa ni zetu," alimwambia, "na hicho chako kina nyama isiyoingia nyumbani kwangu. Kitafutie jina jengine." Jirani wa Juu alifikiri siku mbili, akashuka na kumwambia Bi Salama kwamba amepata: vifuko. Na kweli vilifanana na vifuko vidogo vya kitambaa vilivyokazwa uzi mdomoni. Tangu siku hiyo hakuna aliyeviita vingine, hata kanisani.

Jumapili alirudi kutoka ibada mapema kuliko sisi sote, kwa sababu hakubaki kuzungumza uani. Saa nane nilianza kusikia visu. Hakununua nyama iliyosagwa. Alinunua kipande chenye mafuta yake katika bucha moja ya mjini iliyouza nguruwe, kikafungwa kwa gazeti, kikatiwa ndani ya mfuko, na mfuko ukawekwa ndani ya kikapu chenye kifuniko. Nyumbani aliikatakata nyama ile juu ya gogo kwa visu viwili, kimoja kila mkono, mpaka ikawa laini. Sauti ilishuka mpaka kwetu. Mume wangu alikuwa karani bandarini, na Jumapili mchana alilala kwenye kochi na gazeti usoni. Akisikia visu, aliliondoa gazeti akasema, "Ameanza."

Neno moja tu. Lakini alilisema kwa furaha ambayo sikuwahi kuisikia nilipomwita mezani. Na mezani nilikuwa nimemwekea wali wa nazi na kuku.

Kupika nguruwe katika nyumba ya Mwislamu, na jirani Mwislamu yuko chini, si jambo dogo. Sijamwona mtu aliyelichukua kwa uzito kuliko yeye. Sufuria zake za nyama hiyo alizifunga uzi mwekundu kwenye vishikio ili zisichanganyike na nyingine. Visu vile na gogo lile havikutoka chumbani kwake. Sote tuliosha vyombo kwenye mfereji wa uani, lakini yeye alipandisha maji ndoo baada ya ndoo, ngazi mbili nzima, ili asioshe vyombo vile mbele ya mtu. Mwezi wa Ramadhani hakupika vifuko kabisa. Alikula maharagwe mwezi mzima, na mume wangu akalala Jumapili zote nne bila kuondoa gazeti.

Saa tisa Bi Salama alipita mlangoni kwangu akipanda juu. Alichukua mkeka wake, kofia anayoidarizi, chupa yake ya chai na kikombe chake. Chumbani hakuingia. Alitandika kwenye kibaraza cha juu, nje ya mlango, akadarizi, na yule mwenziwe akakunja vifuko ndani, wakizungumza kupitia mlango ulio wazi mpaka adhana ya magharibi. Hakuonja hata kifuko kimoja, mwaka hata mwaka.

Hilo ndilo lililonitesa kuliko mengine yote. Kama Bi Salama angepanda kwa sababu ya utamu, ningeelewa. Ningepika kitu kitamu zaidi nikamrudisha. Lakini alipanda kwa sababu ya mtu.

Mimi nilihamia nyumba ile kabla yake. Mimi ndiye niliyekuwa nikikaa na Bi Salama alasiri, nikimtungia uzi kwenye sindano macho yake yalipochoka. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali mguu wake ulipovimba. Mimi aliniita Mama Neema, kwa heshima, kama alivyowaita wanawake wote wa mtaa. Yeye, hata mwaka haujatimia tangu aingie, alimwita shoga.

"Shoga, umerudi?" Nilisikia hivyo kila jioni kutoka chini, kisha viatu vikisimama kwanza mlangoni kwa Bi Salama kabla ya kupanda. Mlangoni kwangu vilipita.

Msidhani alikuwa malaika. Sahani ya vifuko kumi na viwili alikupa bila kuombwa, lakini ukimwomba sukari ya kikombe kimoja alikuhoji kama askari. "Ile ya juzi imekwisha? Wageni ni wangapi? Wote wanakunywa chai?" Mwanamke aliyenyoosha mashuka ya watu siku nzima, nguo zake mwenyewe zilikuwa na makunyanzi hata siku ya Pasaka. Kwenye kibanda cha mboga aliinua kila kabichi, akaibonyeza, akaipima mkononi, akairudisha, na baada ya kuwachosha watu wote nyuma yake akanunua ile ya kwanza. Katika kwaya aliimba kwa nguvu sauti ambayo haikuwa yake, na mwalimu wa kwaya hakuthubutu kumhamisha. Umri wake aliutaja kila mwaka, na kila mwaka ulikuwa ule ule.

Alikuwa na msemo mmoja, uliokuwa sheria yake ya jikoni: "Kilichopasuka ni changu." Kifuko kikipasuka kwenye mvuke na kumwaga mchuzi wake, alikila yeye, wima, kabla hakijapoa. Hakumpa mtu kifuko kibovu hata mara moja. Nilipomsikia akisema hivyo mara ya kwanza nilimsifu moyoni. Mara ya pili nilijiuliza kwa nini mimi sikuwahi kula chapati zangu zilizoungua, bali nilimpa Neema.

Sasa kanisani. Katika umoja wa akina mama mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa jiko. Ikiwa ni harusi, harambee au ugeni wa askofu, mimi ndiye niliyegawa kazi, na chapati nilizipika kwa mkono wangu, na watu walizizungumzia mpaka Changamwe. Nilikuwa na aproni yangu na ufunguo wa stoo. Halafu ikaja sikukuu ya mavuno, mwaka wake wa pili pale nyumbani, naye akaingia na kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe, akakiweka mwisho wa meza, nyuma ya kachumbari, kama mtu asiyetaka kusumbua.

Nilikuwa nikipakua pilau. Niliona mstari wa watu ukipinda. Walianza kupita mbele yangu na sahani tupu kuelekea kule mwisho. Mchungaji, aliyekula chapati zangu miaka minane bila kuuliza zinavyopikwa, alisimama na kifuko mkononi, mchuzi ukimtiririka kwenye kifundo cha mkono, akauliza kinapikwaje. Mwezi uliofuata umoja wa akina mama ulimwomba Jirani wa Juu aje awafundishe kukunja. Mimi niliombwa nipange viti.

Nilivipanga. Nikarudi nyumbani, nikamwambia mume wangu kichwa kinaniuma.

Baada ya hapo nilimwomba anifundishe peke yangu. Niseme kweli: nilitaka akatae, ili nipate sababu ya kumchukia kwa haki. Hakukataa. "Njoo Jumapili," alisema, "uje na aproni."

Nilipanda. Alimimina maji ya moto juu ya unga wa ngano uliotiwa chumvi kidogo, akakoroga kwa mwiko, na ulipopungua moto akaukanda mpaka ukawa laini. Alinishika ndewe ya sikio akaniambia, "Uwe hivi," kisha akaufunika kwa kitambaa kibichi. Kabichi aliikata ndogondogo, akaitia chumvi, akaikamua ndani ya kitambaa mpaka maji yakatiririka. Nyama aliichanganya na tangawizi, vitunguu vya majani, mchuzi wa soya na mafuta kidogo ya ufuta. Kisha akaongeza supu kijiko kwa kijiko, akikoroga upande mmoja tu.

"Usigeuze mkono," aliniambia. "Ukigeuza, nyama inatema maji yote."

Kila donge la unga alilisukuma pembeni, akiliacha nene katikati. Alitia nyama, akakunja ukingo mkunjo juu ya mkunjo, akizungusha, mpaka mdomo ukafungika. Chombo chake cha mvuke kilikuwa kung'uto la ukindu, lile la kuchujia, ila hili lilikuwa jipya na halikufanya kazi nyingine. Alilitandika majani ya kabichi, akavipanga vifuko visigusane, akaliweka juu ya sufuria ya maji yanayotokota, akafunika kwa sinia. Nilipewa cha kwanza. Ngozi yake ilikuwa nyembamba hata niliona rangi ya nyama ndani. Nilikiuma, na mchuzi ule wa moto ulipojaa kinywani nilielewa kwa nini mume wangu anaondoa gazeti. Nilitamani nisingeelewa.

Lakini wakati wa kukunja sikuwa nikitazama mikono yake. Bi Salama alikuwa kibarazani, akisimulia jambo la marehemu mumewe na punda wa maji, na mara wakacheka wote wawili kabla hadithi haijafika mwisho, kwa kuwa mwisho waliujua. Mimi sikuujua. Nilikuwa nimesimama na unga vidoleni, nikisikiliza mlangoni.

Jumapili iliyofuata nilipika vyangu. Vilipasuka karibu vyote. Vingine viling'ang'ania kwenye majani, vikachanika nilipoviinua. Mume wangu alikula vitatu akasema, "Si vibaya." Nilipanda juu nikiwa bado na aproni.

"Kuna kitu hukuniambia," nilisema.

Alifikiri kweli kweli. "Ulikoroga upande mmoja?"

"Ndiyo," nilijibu, na sikukumbuka.

"Kabichi uliikamua ikakauka?"

"Ndiyo."

"Basi ni mkono tu, Mama Neema. Rudia. Utazoea."

"Wewe ulirudia mara ngapi?"

"Mimi nilipigwa," alisema, akacheka, akanipa sahani ya vifuko vyake nimshukie navyo mume wangu. Nilishuka navyo. Nilivimwaga kwenye pipa la uani, nikavifunika kwa maganda ya ndizi, nikamwambia mume wangu kwamba leo juu hawakupika vingi.

Sikurudia kupika. Kilichobaki ni kusikiliza dari. Mtu mwenye kijicho hana Jumapili. Visu vikianza nilikasirika, na visipoanza nilijiuliza wamekwenda wapi wawili hao.

Mwenye nyumba wetu alikuwa mzee wa Ndia Kuu, mwenye duka la vyombo vya shaba na makasha ya kale. Alikuwa mtu mpole, mwenye salamu ndefu. Hakukuuliza jambo lolote kabla hajauliza hali ya kila mtu wa nyumbani mwako. Alikuja mara moja kwa mwezi, na kwa kawaida alikuja peke yake. Alasiri moja, siku ya Jumatano, alikuja na mwanawe mkubwa, aliyekuwa amerudi karibuni kutoka Uarabuni, pamoja na mgeni mmoja, mzee mwenye kilemba ambaye wote wawili walimstahi sana. Walikuja kutazama ukuta uliokuwa na ufa. Bi Salama aliwatolea viti uani, akawatilia kahawa. Mimi nilikuwa nikianua nguo.

"Alhamdulillahi, Bi Salama, umeinuka," mwenye nyumba alisema. "Nalisikia homa ilikuwa kali."

"Siku tatu," Bi Salama alijibu. "Yule shoga yangu wa juu hakulala. Yuwaniuguza usiku, asubuhi yuwenda kazini."

Nilisimama na shuka mkononi. Bi Salama alikuwa ameugua siku tatu, chini ya sakafu yangu, nami sikujua. Hakunituma mtu. Ngazi moja tu ilitutenga, na msaada alikwenda kuutafuta ngazi mbili juu.

Mwenye nyumba alinigeukia. "Nawe, Mama Neema, hujambo? Mzee hajambo? Mtoto yuwaendeleaje? Haya, na nyumba, haina tatizo?"

"Tatizo ni harufu ya nguruwe," nilisema.

Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema mfereji unavuja. Mwenye nyumba alitazama ndani ya kikombe chake cha kahawa.

"Mimi harufu hiyo sijaisikia," alisema polepole. "Huenda ni ya gatini. Upepo waleta mengi."

Nilimwelewa. Nataka hilo lijulikane. Alikuwa amenifungulia mlango nitoke, na nilimwona akiufungua. Ningesema, "Labda, mzee," na kikombe kingenywewa, na ukuta ungetazamwa.

"Si ya gatini," nilisema. "Ni kila Jumapili, juu ya kichwa changu. Bi Salama ni shahidi, hukaa pale pale mlangoni."

Bi Salama hakuinua macho. Mgeni aliweka kikombe chake chini kikiwa bado nusu. Yule mwana akamgeukia babake.

"Baba, ni kweli? Katika nyumba yetu?"

"Tutazungumza nyumbani," alisema mwenye nyumba, na wakaondoka bila kuutazama ukuta.

Siku ya tatu alirudi peke yake, akapanda juu, akakaa huko muda mrefu. Sikusikia kelele. Aliposhuka alinisalimia kama kawaida yake, ila hakuuliza hali ya mtu wa nyumbani mwangu. Jirani wa Juu alipewa mpaka mwisho wa mwezi awe amehama.

Jioni ile nilikutana na Bi Salama kwenye ngazi. Nilidhani atanigombeza. Aliongea taratibu, mkono mmoja ukutani.

"Mwenye nyumba yuwajua tangu siku ya kwanza," alisema. "Shoga alimwambia mwenyewe, mbele yangu, kabla hajalipa kodi. Akamwambia, mimi napika nguruwe siku ya Jumapili, ukikataa nitatafuta kwengine. Mzee akamjibu, pika kwako, fungua dirisha la baharini, na watu wasiseme. Na watu hawakusema. Miaka yote hii hakuna aliyesema. Umesema wewe."

"Bi Salama, mimi sikujua."

"Hukuuliza," alisema, akashuka.

Siku ya kuhama ulikuja mkokoteni mmoja tu, kwa kuwa vitu vyake vilikuwa vichache. Alikuwa amepata chumba Likoni, ng'ambo ya feri, kwa mtu wa kanisa. Alipita kila mlango kuaga. Kwangu alinipa mkono, akasema, "Mkae vizuri, Mama Neema. Mwambie Neema asome."

"Pole sana kwa haya yaliyokupata," nilimwambia.

Niliyasema maneno hayo. Niliyasema na uso wa huruma, kama mtu aliyepata habari kwa wengine.

"Asante," alijibu.

Nilitegemea nini? Nilitegemea kwamba Bi Salama, akibaki peke yake, atakumbuka alasiri zetu za zamani. Jumapili ya kwanza nilipika mahamri, nikatoa kiti mlangoni, nikangoja. Saa tisa alitoka kwake na chupa ya chai na kofia mkobani, akafunga mlango, akaenda Feri. Alivuka kila Jumapili. Alikuwa na magoti mabovu, na kupanda ile ngazi ya kwetu tu kulimchosha, lakini alivuka. Wapangaji wapya wa juu walikuwa watu wa kimya, mume na mke, hawakuwa na sauti yoyote. Mume wangu aliondoa gazeti usoni siku moja akatazama dari.

"Kimya sana," alisema.

Mpaka leo hajui ni nani aliyeleta kimya hicho.

Miaka minne ilipita kabla sijamwona tena. Nilikuwa nikivuka kwenda Likoni kumwona mgonjwa, na feri ilikuwa bado iko upande wa pili. Watu walikuwa wamejaa, wauza korosho wakipenya kati yao. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa saruji, kivulini, amevaa miwani myeusi, na jicho moja limezibwa kwa pamba. Alikuwa amekonda. Ningeweza kupita. Nilisimama mbele yake.

"Shikamoo, mama."

Aliinua uso, akanitazama kwa lile jicho moja. "Marahaba. Mama Neema. Kaa."

Nilikaa. Aliniambia ametoka kwa daktari wa macho, Salama yuko naye, amekwenda kumnunulia maji. Aliuliza habari za Neema, nikamwambia yuko sekondari. Aliuliza kama ule ufa wa ukuta uliwahi kuzibwa, nikamwambia ulizibwa. Kisha nikaona feri imeng'oa nanga kule ng'ambo, nikajua nisiposema sasa sitasema.

"Mama, kuna jambo nataka kukuambia. Siku ile mwenye nyumba alipokuja na mwanawe."

"Nilikuwa kwenye ngazi," alisema.

Nilimgeukia.

"Nilitoka kazini mapema siku hiyo. Nilikuwa nashuka na ndoo, kwenda kuchota maji. Uliposema mara ya kwanza nilifikiri ulimi umekuteleza. Halafu mzee akakupa nafasi, na ukasema tena. Nikarudi juu na ndoo yangu."

"Siku unahama ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Ningekuambia nini? Hukusema uongo. Nyama ilikuwa ya nguruwe."

Nilimwambia kwamba nilikuwa na wivu. Sikuwa nimewahi kulitamka neno hilo kwa mtu, hata katika sala nililizunguka. Nilimwambia habari za sikukuu ya mavuno, na viti nilivyopanga, na mume wangu na gazeti, na sahani niliyoimwaga kwenye pipa. Hapo alitabasamu kidogo. "Vifuko vyote?" aliuliza. Nikasema vyote. Kisha nikamtajia Bi Salama, na tabasamu likaondoka.

"Hilo la Salama nakuelewa," alisema. "Mtu kama yule akikupita, utaumia. Mimi katika mji huu sikuwa na mwingine. Na wewe ulimtoa chini ya nyumba yangu, mama, ukamweka ng'ambo ya maji."

"Nisamehe."

"Nilikusamehe mwaka wa kwanza, huko huko Likoni. Nilichoka kukuwaza."

Alisema bila uchungu, na kwa sababu hiyo nikapata ujasiri nisiostahili kuupata. Nikamwambia ningependa kwenda kumwona. Siku yoyote, hata Jumapili, nikae kidogo tu, nimsaidie kazi wakati jicho linapona.

Aligeuza uso kuelekea feri.

"Usije," alisema. "Jumapili huja Salama. Tumezoea wawili."

Bi Salama alitokea kati ya watu na chupa ya maji, akitembea kwa shida. Alituona tumekaa pamoja, akasimama kidogo. "Hujambo, Mama Neema," alisema. Nikasema sijambo. Hakuuliza zaidi. Alimfungulia mwenziwe chupa, akangoja anywe, akaifunga, akampa mkono ainuke. Feri ilikuwa imefika, na lango likafunguliwa, watu wakaanza kushuka mteremko kwa kusukumana. Wale wawili walikwenda pembeni, polepole, yule mwenye magoti mabovu akimwongoza yule mwenye jicho moja. Niliona Bi Salama akimwinamia kumwambia kitu, na kutoka pale juu, kupitia kelele zote zile, nikamsikia Jirani wa Juu akicheka.

Nilikuwa nimesamehewa, na kifuani mwangu kitu kilikuwa kile kile, hakikupungua hata kidogo.

Watu walinipita kulia na kushoto. Mimi pia nilikuwa navuka, na saa ilikuwa imekwenda, na mgonjwa alikuwa akiningoja. Nilisogea kando, nikasimama karibu na ukuta, nikangoja feri iliyofuata.